Boti "isiyozama" na povu lililokunywa maji

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAKAFU NA POVU LA BOTI YA FAIBA, FUTI 18

Barua hii inahusu boti niliyonunua kwenu mwaka jana. Kipeperushi chenu kinasema "haizami kamwe" na kwamba imejengwa kwa kiwango cha Marekani. Simu nimepiga hadi nimechoka, kila fundi ananirusha kwa mwenzake. Sasa naomba majibu ya maandishi.

Boti imekuwa nzito. Injini ya HP 40 iliyokuwa ikiinyanyua iteleze juu ya maji pamoja na watu na nyavu, siku hizi haiinyanyui hata ikiwa tupu. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, imelala majini. Fundi wa hapa Kilindoni alipotoboa sakafu karibu na tangi la mafuta, maji yaliruka. Tukakata, tukatoa kipande cha lile povu la kuifanya boti ielee, ukubwa wa tofali la saruji la inchi 6. Povu la poliyurethani la boti huwa na kilo 32 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande kile kilitakiwa kiwe na nusu kilo. Mizani ya samaki ilisoma kilo 6. Ukikibana kinatoka maji ya kahawia yanayonuka petroli.

Lililoniudhi zaidi lilikuwa chini yake. Mmejazia povu jeupe la kufungashia friji! Kipande kimoja bado kina ile kona ya kukalia friji. Vilivyo jirani na tangi vimeyeyuka vikawa uji wa kunata, maana petroli hulila povu hilo, na hata rezini (gundi) ya faiba hulila. Fundi wenu hawezi kusema hakujua.

Povu la poliyurethani lenyewe mmelimimina hadi kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), mkafunika kwa faiba, bila mfereji wa ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) wala tundu la kutolea maji tezini. Povu hilo halivumilii kulowekwa muda wote hivyo. Maji yanayopenya kwenye skrubu za viti hayana pa kutokea, na mataruma (mbavu za boti) ya mbao yameshaoza: bisibisi inaingia bila kusukumwa.

Tena hata lingekuwa kavu, lote liko sakafuni. Boti ikijaa maji, povu la chini hutafuta kupanda juu na boti inapinduka kifudifudi, abiria wanabaki kung'ang'ania mgongo wake. Povu la kuokoa watu hupangwa juu ubavuni, karibu na ukingo, na nyuma kusaidia uzito wa injini. Kiwango hicho cha Marekani mnachojivunia kinataka boti ya injini ya nje, chini ya futi 20, ikijaa maji ielee ikiwa imekaa sawa. Kama mna cheti cha jaribio hilo, nitumieni nakala.

Nataka mje kuichukua boti kwa gharama zenu, mng'oe sakafu yote, mbadilishe mataruma na kuweka povu sahihi mahali pake pamoja na njia ya maji. Au mnirudishie fedha zangu. Kiraka juu ya sakafu, alichopendekeza fundi wenu, sikikubali. Nawapa siku 14, kisha nalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na picha na kipande cha povu, ambacho nimekihifadhi.

Mteja wenu,
Kilindoni, Mafia.