Kalibu yangu haina sumu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Lakini habari yenu ya wiki iliyopita, ya "vyuma vya mionzi", iliyodai kuwa chuma kilichong'arishwa kwa mwale wa elektroni hubaki na mionzi, nimeshindwa kuinyamazia.

Mimi ni fundi wa kalibu, yaani vyuma vya kuumbia vitu vya plastiki, hapa Dar es Salaam. Kalibu ya vikombe vya mtindi niliichonga mwenyewe, nikaipeleka nje ikang'arishwe kwa mwale wa elektroni, vile vichembe vya umeme. Jumanne mteja wangu, mama mmoja, kaingia karakanani, gazeti lenu kwapani. Kalibu ilikuwa mezani. Akaigusa kwa ncha ya kalamu, kidole hakutaka, akanirudishia maboksi matatu ya vikombe. "Fundi, watoto wanakula humu."

Mhariri, elektroni za volti elfu 20 au 30 haziwezi kukifanya chuma kitoe mionzi! Kazi hufanyika ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, na mpigo mmoja huisha katika sehemu chache za milioni za sekunde. Kinachoyeyuka ni ngozi ya juu tu, mikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita, na unene wa unywele ni kama mikroni 70. Ikiganda, mikwaruzo imelainika. Eksirei hutoka mashine inapopiga, na kuta za chuma huizuia. Ukizima, basi, kama picha ya kifua hospitalini. Wala si leza kama mlivyoandika chini ya picha. Leza ni mwanga. Tomsk, huko Siberia, wana taasisi ya kazi hizi tangu 1977, na Wajapani wanauza mashine zake kwa mafundi wa kalibu kama mimi. Kwa msasa, kalibu ile ingenila siku nne. Msasa umeshanifuta alama za kidole gumba. Nikienda kusajili laini ya simu, mashine hainisomi.

Kama mnatafuta hatari, andikeni chuma tunachouziwa bila cheti. Kimejaa takataka za salfa na manganizi, na mwale ukizikuta zinaruka na kuacha vishimo. Kalibu yangu ya kwanza ilirudi kama uso wenye ndui. Nilimlalamikia muuzaji, akaniambia chuma ni chuma.

Naomba masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa. Na mwandishi wenu, kabla ya kuandika tena neno mionzi, apige simu Arusha, Tume ya Nguvu za Atomiki, aulize. Siku mtakapoyachapa nitanunua nakala mbili. Moja nitampelekea yule mama, pamoja na maboksi yake.

Fundi kalibu,
Dar es Salaam