Takwimu za VVU kwa wageni zisomwe vizuri kabla ya kudai vipimo vya mpakani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalozuka kila nchi inapotangaza takwimu za Virusi vya UKIMWI na kuonekana kwamba wageni wanaoishi humo ni sehemu kubwa ya watu waliogundulika. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, wahamiaji wamekuwa karibu nusu ya waliosajiliwa katika miaka ya karibuni. Takwimu ya namna hiyo ikishatoka, hazipiti siku nyingi kabla ya kusikika madai kwamba wageni wote wapimwe mpakani na watakaokutwa na maambukizi warudishwe walikotoka. Mimi ni mnasihi wa upimaji wa VVU, na kwa maoni yangu madai hayo yanatokana na kuzisoma vibaya takwimu zenyewe, tena yakitekelezwa yatapunguza idadi ya watu wanaojua hali zao.

Nianze na hesabu, kwa sababu hapo ndipo upotoshaji mwingi huanzia. Mtu aliyegundulika kwao, akaanza kutumia dawa za kufubaza virusi, kisha akahamia nchi nyingine kwa masomo, kazi au kukimbia vita, hana budi kufungua jalada jipya katika kliniki ya huko ili asikatishe matibabu. Kliniki humpima upya, na katika nchi nyingi huingizwa katika rejista ya taifa pamoja na wagonjwa wapya wa mwaka huo, ingawa huenda ametumia dawa kwa miaka mingi na virusi mwilini mwake vimepungua kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo vya maabara. Mwaka 2022 Poland na Chechia zilipokea wakimbizi wengi kutoka Ukraine, wakiwemo waliokuwa tayari kwenye matibabu, na idadi ya waliosajiliwa katika nchi hizo ikapanda. Uingereza na Ireland hutenga waliogundulika kwanza ng'ambo na kuwahesabu peke yao, na wenye kuzisoma taarifa za Ireland wameona kwamba kundi hilo limekuwa kubwa kuliko la waliogundulika kwa mara ya kwanza nchini humo. Mgonjwa wa aina hiyo haonyeshi kwamba maambukizi yanaenea. Anaonyesha kwamba amevuka mipaka bila kuacha dawa zake, na anayejua ugumu wa kuendeleza matibabu ukiwa safarini atakubali kwamba hilo si jambo dogo.

Dhana ya pili inayosumbua ni ile inayodhani kwamba mgeni aliyekutwa na VVU lazima alikuja navyo. Utafiti uliofanywa katika eneo la Paris miaka ya 2012 na 2013 miongoni mwa wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara ulikadiria kwamba kati ya asilimia 35 na 49 ya waliokuwa wakiishi na VVU waliambukizwa wakiwa tayari Ufaransa. Utafiti mwingine, uliohusisha nchi tisa za Ulaya na wahamiaji wa asili mbalimbali, ulikadiria asilimia 63 ya walioshiriki kuwa waliambukizwa baada ya kuhama. Watafiti wa Paris waliihusisha hatari hiyo na miaka ya mwanzo ya ugeni, pale mtu anapokosa kibali cha ukaazi na makazi ya kudumu, na baadhi ya wanawake hulazimika kuingia katika mahusiano wasiyokuwa na sauti ndani yake. Kipimo cha mpakani hakiwezi kumgundua mtu atakayeambukizwa miaka mitatu baada ya kuvuka mpaka. Hakiwezi hata kumgundua kwa hakika aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita, kwani kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, kinaweza kuchukua hadi siku 90 kabla ya kuonyesha maambukizi.

Historia nayo inatosha kutuonya. Marekani iliwazuia wageni wenye VVU kuingia nchini kuanzia mwaka 1987 hadi Januari 2010, na zuio hilo ndilo lililofanya Mkutano wa Kimataifa wa UKIMWI wa mwaka 1992 uhamishwe kutoka Boston kwenda Amsterdam. Korea Kusini iliwapima walimu wa kigeni wa Kiingereza huku ikiwaacha walimu wenzao raia waliofundisha katika shule zilezile. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi wa rangi iliamua mwaka 2015 kwamba huo ulikuwa ubaguzi, na mwaka 2017 sharti hilo likaondolewa. Katika nchi kadhaa za Ghuba mfanyakazi wa kigeni hupimwa kabla ya kusafiri na hupimwa tena akishafika, na anayekutwa na maambukizi hunyimwa kibali na kurudishwa kwao, mara nyingi bila ushauri nasaha wala barua ya kumwelekeza kwenye kliniki. Sioni namna mtu huyo anavyoweza kuambiwa kwamba amehudumiwa kiafya.

Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwa wanaofukuzwa tu, bali pia kwa wanaobaki na kukwepa kupimwa. Wataalamu huhesabu kwamba mtu amechelewa kugundulika anapofika kliniki akiwa na seli za CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU hushambulia, chini ya 350 katika kila mikrolita ya damu, na katika takwimu za Ulaya wahamiaji huchelewa zaidi kuliko wenyeji. Wapo wasiojua kwamba wana haki ya kupimwa, na wapo wanaoamini kwamba jibu la maabara litafika ofisi ya uhamiaji kabla ya wao wenyewe kufika nyumbani. Kuna pia tatizo la mkalimani, ambalo wasimamizi wa hospitali hulidharau. Jumuiya ya wageni wa asili moja mara nyingi ni ndogo na watu wake wanajuana, kwa hiyo mkalimani aliyeitwa kusaidia anaweza kuwa jirani wa mgonjwa au muumini mwenzake. Na mgonjwa, akiogopa kuanikwa, hujibu kila swali la mnasihi kwa neno moja na kuondoka. Mkalimani wa simu, asiyeona sura wala kusikia jina la mgonjwa, angeondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo. Kadhalika vifaa vya kujipima, ambavyo Shirika la Afya Duniani limevipendekeza tangu 2016, huwasaidia wasiothubutu kuingia kituoni, mradi wajue kwamba jibu la kuwa na maambukizi ni lazima lithibitishwe na mtaalamu.

Najua wapo watakaouliza kwa nini mlipakodi agharimie dawa za mgeni. Uingereza ilikwisha kulijibu swali hilo: tangu Oktoba 2012 matibabu ya VVU nchini England hutolewa bure bila kujali hadhi ya ukaazi. Uamuzi huo una msingi wa kisayansi, kwani matokeo ya utafiti wa PARTNER yaliyochapishwa 2016 na 2019, uliofuatilia mamia ya wapenzi ambao mmoja wao ana VVU na mwingine hana, hayakuonyesha hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza ambaye dawa zimekifubaza kiwango cha virusi vyake. Kumnyima mgeni dawa ni kuacha maambukizi yaendelee kwake na kwa wenyeji anaoishi nao, na gharama za kumlaza mtu aliyechelewa hadi kupata kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo huwa nzito kuliko za vidonge vya kila siku.

Ninachoziomba wizara za afya, popote zilipo, ni kutunga sheria inayokataza kituo cha upimaji kupeleka taarifa za mgonjwa kwa idara ya uhamiaji, na kuibandika sheria hiyo mlangoni mwa kituo kwa lugha ambazo wageni wanazisoma. Wakati wa kutangaza takwimu, wizara zitaje peke yao waliogundulika kwa mara ya kwanza, na peke yao waliohamia wakiwa tayari kwenye dawa. Na wewe, Ndugu Mhariri, nakuomba usiruhusu kichwa cha habari kuhusu wageni na VVU kipite mezani kwako kabla mwandishi hajauliza idadi ya kila kundi kati ya hayo mawili.

Wako,
Mnasihi wa upimaji wa VVU
(Jina limehifadhiwa)