Jioni tulikuwa tunajumlisha vidole

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika toleo lenu la juma lililopita habari za kufungwa kwa mradi wa kusaidia akina mama waliobakwa huku Kivu Kusini. Mkurugenzi alitaja idadi ya "waliosikilizwa", wageni wakapiga makofi, na mwandishi wenu akaishia hapo. Je, ni wangapi kati yao wanaopata usingizi sasa?

Najua idadi hiyo inavyopatikana. Miaka mitatu nilikuwa msikilizaji katika shirika ambalo sitalitaja. Mama anaingia, anaeleza, analia, anaweka kidole gumba kwenye karatasi, anapewa sabuni. Jioni tulikuwa tunajumlisha vidole. Kurudi kijijini baada ya miezi sita kumuuliza mama yule yule hali yake? Pesa ya pikipiki haikuwahi kupatikana.

Lakini kupima kunawezekana, na kulishafanyika huku kwetu mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa utafiti juu ya wanawake 405 wa vijiji 15. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu: 7 vikapata tiba ya kikundi, 8 vikabaki na msaada wa mama mmoja mmoja, kama ule wangu. Tiba ilibuniwa Marekani, ila walioiendesha ni wasaidizi wa huku huku, wala si madaktari. Na kwa kuwa akina mama wengi hawakujua kusoma, mazoezi ya karatasi yaligeuzwa kuwa ya kukariri. Mama anafundishwa kulikamata wazo lililomganda, "kosa ni langu", na kulihoji.

Mwanzoni, zaidi ya wawili kati ya watatu, kila upande, walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Miezi sita baada ya tiba, kwenye vikundi walibaki 9%. Upande wa pili, 42%.

Hiyo 42% ndiyo inayoninyima raha, kwa sababu upande wangu nao ulishuka! Mkurugenzi angeutaja peke yake angepigiwa makofi, wala asingekuwa amesema uongo.

Wenzangu wananiambia kupima ni kuwafanyia akina mama majaribio na kutonesha vidonda. Hofu yao naielewa. Lakini utafiti ule uliuliza pia mambo ya kila siku, kama kupika na kulea. Mama wa Kabare atajibu hayo kwa urahisi zaidi kuliko kusimulia unyama ule mara ya tatu, mbele ya shirika la tatu.

Basi mradi mwingine ukiwaalika, mwandishi wenu aulize mawili: akina mama walikuwaje miezi sita baadaye, na walilinganishwa na nani? Akijibiwa kwa idadi ya vidole gumba, aiandike hivyo hivyo: vidole gumba.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu