Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyepangiwa kipindi cha watoto

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia tangu upangiwe kipindi cha watoto hapo kituoni umenuna, na umeshaanza kuulizia nafasi kwingine. Ulikuwa unaitaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sikulaumu, kila anayeingia kazi hii hukitamani kile kiti. Ila kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nisikilize. Naiweka hii hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako, wapo vijana wengi vituoni wanaolia kilio hicho hicho.

Nikusimulie BBC2 ilivyofunguliwa.

Ilikuwa Jumatatu, 20 Aprili 1964. BBC walikuwa na chaneli moja, sasa wanaongeza ya pili. Picha yake ilikuwa ya mistari 625, safi kuliko ile ya mistari 405 watu waliyoizoea, na aliyetaka kuiona ilimbidi awe na televisheni mpya na antena mpya. Kwa kuanzia iliwafikia watu wa London na jirani zake tu. Ufunguzi ulipangwa saa moja na dakika ishirini usiku, na ratiba ilikuwa imenona: mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, Kiss Me, Kate, mchekeshaji maarufu kutoka Urusi ya Kisovieti, Arkady Raikin, na fataki.

Muda haujafika, moto ukazuka kwenye kituo cha kufua umeme cha Battersea. Eneo kubwa la magharibi mwa London likawa giza, na makao ya televisheni ya BBC yakiwa humo humo. Studio hazifai kitu. Bahati yao, chumba cha habari kilikuwa upande wa kaskazini, Alexandra Palace, ambako umeme haukukatika. Mwandishi wao Gerald Priestland akakalishwa mbele ya kamera, akawa anasoma habari na kuwaeleza watazamaji kilichotokea. Ratiba yote iliyoandaliwa ikalala.

Kulipokucha, umeme umerudi. Saa tano asubuhi ratiba inasema Play School, kipindi cha watoto ambao hawajaanza shule. Kikaenda hewani kama kilivyopangwa. Kwa hiyo kipindi kamili cha kwanza kabisa cha chaneli ile, mpwa wangu, kilikuwa cha watoto wadogo. Jioni yake ndipo wakubwa wakarudia sherehe yao: studio yenye giza, mtangazaji Denis Tuohy ana mshumaa, akaupuliza, mambo yakaanza. Wanaoandika historia ya BBC2 hupenda sana kuutaja mshumaa huo. Mimi kwangu chaneli ilishafunguliwa tangu saa tano.

Na wala sisemi hivyo kwa ajili ya bahati ya umeme. Tazama kipindi chenyewe. Aliyekibuni ni Joy Whitby, na alikijenga kwa vitu vichache: watangazaji wawili, saa, vikaragosi vya kuchezea (dubu wawili, mkubwa na mdogo, Humpty mwenye umbo la yai, na mwanasesere au wawili), na madirisha. Dirisha moja la duara, moja la mraba, moja la tao. Kila siku kamera ilisogelea dirisha mojawapo, ikapita ndani yake, na upande wa pili kukawa na filamu fupi ya mambo ya kawaida ya duniani, watu wakiwa kazini, vitu vikitengenezwa. Mtoto nyumbani alikuwa anakisia: leo litakuwa lipi? Hebu fikiria werevu wa jambo hilo. Kwa kamera inayosogea tu, mtoto wa miaka mitatu kesha kuwa mshiriki.

Tena ukumbuke siku ya televisheni ilivyokuwa enzi zile. Kipindi kikiisha, BBC2 haikuwa na kingine cha kuonyesha hadi jioni. Mchana kutwa mtoto yule alikuwa na hicho tu kwenye chaneli ile, na waliokitengeneza walilijua hilo. Hawakulipua kazi.

Kilidumu hadi 1988. Australia walianza cha kwao mwaka 1966 kwa muundo huo huo, na bado kipo. Miongoni mwa watangazaji wa kile cha Uingereza wa miaka ya mwanzo alikuwamo Paul Danquah, mtoto wa J. B. Danquah, yule mwanasiasa wa Ghana. Mwaka 1976 akaingia Floella Benjamin, mzaliwa wa Trinidad, na leo yumo katika Baraza la Malodi la Uingereza. Amesimulia kuwa alipoona michoro ya kipindi yote ni ya watoto Wazungu, aliwauliza watayarishaji kwa nini, na akataka watoto wa rangi nyingine nao wachorwe. Aliyesoma habari mwaka ule simkumbuki.

Hapo Dar una wa kujifunza kwao bila kupanda ndege: Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha kuwafundisha watoto, kilianzia hapo hapo mwaka 2014, na watoto wa nchi nyingi za Afrika wanakijua. Nenda kawaombe wanaokitengeneza wakuonyeshe wanavyofanya kazi.

Sasa nina ombi. Ukimuuliza mtoto swali kwenye kamera, nyamaza. Usilijibu mwenyewe papo hapo, kama wafanyavyo wengi. Mpe nafasi aseme huko sebuleni kwao, hata kama mkurugenzi wa kipindi anakuonyesha mkono kwamba muda unakwenda. Na usiongee na "watoto wapendwa" mia kwa mpigo. Mtazame mmoja, uongee naye.

Nitumie muswada wa kipindi cha kwanza nikusaidie kuupitia. Msalimie mama yako, mwambie nitapiga simu Jumapili.

Mjomba wako