Kabla ya kuomba ndege, tusafishe njia za moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila kiangazi huibuka katika mazungumzo yetu huku Masasi, hasa watu wanapoona kwenye runinga ndege kubwa ikimwaga dawa nyekundu juu ya misitu ya Marekani: kwa nini Serikali isinunue ndege kama ile, ili moto kichaa unaoteketeza mikorosho na misitu ya Mtwara na Lindi uzimwe kutoka angani?

Swali si la kipuuzi, ila wanaouliza wanadhani ndege ile huzima moto. Haizimi. Ndege aina ya DC-10, ambayo ilitengenezwa kubeba abiria na ikaanza kazi hii California mwaka 2006, hubeba takriban lita 35,000, hushuka hadi mita 60 hivi juu ya miti ikitanguliwa na ndege ndogo inayoionyesha njia, kisha kwa kawaida humwaga mzigo wake mbele ya moto, si juu ya moto wenyewe. Kilichomo ni maji, rangi na chumvi za amonia na fosfeti, yaani ndugu wa karibu wa mbolea ya DAP tunayonunua dukani. Majani yaliyolowa mchanganyiko huo hayashiki moto upesi, na moto unapopunguza kasi ndipo watu walio ardhini, wenye majembe, misumeno na matingatinga, huingia kuumaliza. Wasipokuwepo, moto huuzunguka mstari ule mwekundu ukaendelea na safari yake.

Gharama nazo si za mchezo. Boeing 747 iliyogeuzwa kwa kazi hiyo, yenye uwezo wa zaidi ya lita 70,000 na iliyowahi kupelekwa Chile mwaka 2017, iliachishwa kazi mwaka 2021 kwa sababu za kifedha, tena katika nchi tajiri. Sisi wa kusini tunaujua mwisho wa mitambo mikubwa: katika mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa 1951, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikaja kung'olewa.

Moto wetu ni wa nyasi, na mara nyingi huwashwa na sisi wenyewe: anayeandaa shamba la ufuta, mrina asali, vijana wanaowinda panya. Agosti mwaka juzi moto wa wawinda panya uliingia shambani kwangu saa nane mchana, kusi ikiusukuma. Majani makavu ya mikorosho yalikuwa yakilia kama mafuta kikaangoni, nasi tulikuwa wanne tu, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Hadi magharibi, mikorosho kumi na saba ilikuwa imebabuka upande mmoja, maua yote yamekauka. Ndege ya Dar es Salaam ingetukuta tukinywa maji.

Ndiyo maana naona fedha ya kwanza ipelekwe kwenye njia za moto, yaani vipande vya ardhi visivyo na majani vinavyouzuia moto usivuke, zifyekwe mwezi Juni kabla nyasi hazijakauka. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vyenye misitu yao huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa Septemba ukose chakula. Na vifaa tunavyo kuliko tunavyodhani. Mwaka jana, baada ya kufyeka, tulichukua mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, tukaitumia kama ufagio: upepo wake uliyasukuma majani makavu pembeni, na kwa mchana mmoja watu wawili wakasafisha mpaka mzima wa shamba la ekari tano hadi udongo ukaonekana. Sharti tangi lioshwe vizuri kwanza, kwani salfa nayo inawaka, na fundi asiyejali anaweza kuwa yeye ndiye mwanzo wa moto.

Naziomba halmashauri za mikoa hii miwili zitenge petroli ya mashine hizo kwa kila kamati ya kijiji ifikapo Juni, wakati mashine zinapokuwa tayari mikononi mwa wakulima.

Mkulima wa korosho,
Masasi, Mtwara.