Mafuta ya mimea yapashwe kwa maji ya injini kabla ya kufika kwenye pampu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tabia ya baadhi ya wenye magari ya dizeli huku mwambao ya kumimina mafuta ya kula, yakiwemo yaliyokwisha kukaangia hotelini, moja kwa moja kwenye tangi. Watetezi wake hukumbusha kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli, lakini pampu na nozeli za magari yetu zimeundwa kwa ajili ya dizeli, ilhali mafuta ya mimea, hata yakiwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi, ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Mafuta mazito hayatoki kwenye nozeli kama ukungu. Huingia kwa matone makubwa yasiyoungua yote, yakaacha masizi magumu, yakanatisha ringi za pistoni, na mengine yakapenya hadi kwenye oili ya injini na kuiharibu. Mafuta ya nazi yana taabu ya ziada, kwani huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24.

Dawa ni kuyapasha mafuta moto ili yawe mepesi, na joto linalohitajika limo ndani ya gari lenyewe. Maji yanayopoza injini hufikia nyuzi 80 hadi 90, na kwa kuwa thamostati huyadhibiti, hayawezi kuyaunguza mafuta kama linavyoweza bomba la moshi, ambalo nimeona mafundi wakilizungushia paipu ya mafuta kwa hatari kubwa ya moto. Njia rahisi ni kuyachukua maji hayo kwenye mpira unaoyapeleka kwenye hita ya ndani ya gari, hita ambayo Tanga au Mombasa hakuna anayeiwasha, kisha kuyapitisha kwenye kifaa cha bamba za chuma ambamo maji hupita upande mmoja na mafuta upande wa pili. Kwa mafuta ya nazi, mpira wa maji ya moto ufike hadi kwenye tangi na filta.

Kifaa hicho kipimwe kwa shinikizo kabla ya kufungwa, kwa maana tundu dogo tu litaingiza maji kwenye pampu na kuiua. Shaba isiguse mafuta, kwa kuwa huyaharakisha kuchacha, na ieleweke kwamba bamba nyingi za chuma kisichoshika kutu zinazouzwa zimeunganishwa kwa shaba.

Tangi lazima yawe mawili. Gari liwashwe kwa dizeli, lihamishiwe mafuta ya mimea maji yakishapata moto, na lirudishwe kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuzimwa, ili pampu na nozeli zisafike; anayeruka hatua hii ya mwisho ataamka akute mafuta yamepoa ndani ya pampu. Oili ya injini nayo ibadilishwe mapema kuliko kawaida. Injini kuukuu zenye pampu ya safu, yaani yenye pistoni ndogo zilizopangwa kwa mstari, mfano wa OM617 ya Mercedes-Benz, huvumilia kazi hii. Zile za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zake hulishwa na bomba moja la pamoja lenye shinikizo kubwa sana, zisiguswe kabisa.

Naviomba vyuo vya ufundi, VETA ikiwa mbele, vifundishe ufungaji huu, kwa sababu kazi yenyewe inaendelea mitaani kila siku bila kipimajoto wala kipimo cha shinikizo.

Fundi wa injini za dizeli,
Tanga