Herufi Moja Katika Pasipoti: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa salama, wewe pamoja na mama mdogo na wote walioko nyumbani Khayega. Jumapili iliyopita ulinipigia simu ukanieleza kwa furaha kwamba umepata kazi ya kufundisha Kiingereza nchini Uchina, na kwamba wakala anataka shilingi 180,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikupongeza, kisha nikasingizia kwamba mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao haukuwa mbaya. Nilikosa la kusema, kwa sababu uliniambia, "Dada, nataka kufuata nyayo zako," na ni mimi peke yangu nijuaye nyayo hizo ziliishia wapi.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa uongo wangu pia niliusema hadharani. Niliporudi mwaka 2019 nilisimama mbele ya jamaa zetu, wakiwemo wale walionichangia nauli, nikawaambia kwamba mkataba wangu ulikuwa umekwisha na kwamba nilikuwa nimechoka na baridi. Mkataba haukuwa umekwisha. Nilipoteza kazi, nikatozwa faini na kuamriwa kuondoka, kwa sababu nilikuwa nikifundisha bila viza ya kazi wala kibali cha kazi. Wewe si wa kwanza kuniuliza njia ya kwenda huko, na kila aliyeniuliza nilimjibu nusu nusu. Kwako siwezi.

Unajua hali niliyokuwa nayo kabla ya kuondoka. Nilikuwa na nambari ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, tangu 2015, lakini ajira ya serikali haikuja, nami nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, katika shule ya upili nje kidogo ya Kisumu, nikilipwa shilingi 9,000 kwa mwezi, mara nyingine baada ya wazazi kumaliza karo, mara nyingine baada ya kusubiri muhula mzima. Sikulaumu hata kidogo kwa kutaka kuondoka. Mtu aliyesomea ualimu kwa miaka minne, akaishia kukopa unga dukani, ana haki ya kutafuta riziki popote, na wanaokuambia uvumilie mara nyingi ni watu ambao mshahara wao huingia benki kila mwisho wa mwezi.

Wakala wangu alikuwa mtu mwenye heshima zake, anayezungumza polepole na kukuita mwalimu. Aliniambia kwamba viza ya kazi huchukua muda mrefu, hivyo ningesafiri kwanza kwa viza ya biashara, kisha, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo, "utabadilishiwa huko huko." Najua na wewe umeambiwa hivyo, kwa sababu ulinitajia kwamba viza yako itakuwa ya biashara "kwa muda tu." Aliniletea barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni iliyouza vigae vya sakafu, yenye muhuri mwekundu wa mviringo, akanifundisha la kusema nikiulizwa: kwamba naenda kukagua bidhaa. Sikuwahi kununua hata kigae kimoja maishani mwangu. Nilisema nilivyofundishwa. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, nami simsukumii mtu mwingine.

Nataka uelewe jambo hili vizuri, maana hakuna aliyenieleza. Viza za Uchina hutambulishwa kwa herufi. L ni ya watalii, M ni ya biashara, X ni ya wanafunzi, na Z ndiyo ya kazi. Herufi hiyo imechapishwa juu ya viza yenyewe, na ndiyo kitu cha kwanza ambacho afisa wa huko hutazama. Utaratibu halali huanzia kwa mwajiri, wala hauanzii kwa wakala wa Kisumu au wa Nairobi. Shule inayokutaka huomba kwanza kwa mamlaka za kwao, ikiambatisha shahada yako iliyothibitishwa, cheti cha mwenendo mwema na taarifa ya afya, kisha hupewa hati inayoonyesha kwamba kibali chako cha kazi kimekubaliwa. Ukiwa na hati hiyo ndipo unapoomba viza ya Z ukiwa bado hapa Kenya, na baada ya kuingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaaji kutoka kwa polisi wa uhamiaji. Kibali hicho cha kazi hutaja mwajiri mmoja tu, hata kama mtu huyo huyo ana shule tatu katika mji mmoja. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba M itageuka kuwa Z ukiwa darasani tayari, anakuomba uanze kazi kabla ya ruhusa ya kuifanya kuwepo.

Kuna jambo la pili, nalo liliniumiza zaidi ya lile la kwanza. Kanuni zao zinataka, kimsingi, mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa. Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya, Katiba ya 2010 inasema hivyo katika Ibara ya 7 pamoja na Kiswahili, lakini lugha rasmi ya nchi haihesabiwi kuwa lugha ya mama, na mwalimu mwenye pasipoti yetu anapoombewa kibali cha kufundisha Kiingereza, ombi hilo kwa kawaida hukataliwa. Wapo Wakenya wanaofundisha huko kihalali, katika masomo mengine au katika vyuo vikuu, na vibali vyao ni vya kweli. Mimi sikuwa mmoja wao, na mwenye shule alijua tangu mwanzo kwamba nisingeweza kuwa. Ndiyo maana wazazi wa watoto waliambiwa kwamba natoka Marekani.

Shule yenyewe ilikuwa ya chekechea, katika mji mmoja wa mkoa wa Henan. Watoto walikuwa wazuri, na naapa kwamba niliwafundisha kwa moyo wote. Siku moja mama mmoja, aliyejifunza Kiingereza kidogo kwa simu yake, aliniuliza mji wetu huko Marekani ukoje. Nilimwelezea Kisumu. Nilimwambia kuna ziwa kubwa, na jioni wavuvi hurudi na samaki, na upande wa mashariki kuna vilima ambavyo mvua hutokea huko. Alitabasamu akaandika jambo katika simu yake. Nilirudi chumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli tupu kuhusu kwetu, na kweli hiyo ilikuwa imeingizwa ndani ya uongo wa mtu mwingine.

Mshahara niliolipwa ulikuwa yuan 8,000, na wakati huo yuan moja ilikuwa takribani shilingi 15. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya mara kumi na tatu ya nilichokuwa nikipata hapa. Paa la nyumba ya mama unalolijua, na karo ya muhula wako wa mwisho chuoni, vilitoka hapo. Sikatai kwamba pesa zilikuwepo. Lakini kila baada ya siku 60 nililazimika kutoka nje ya nchi na kuingia tena kwa gharama yangu, na kila nilipoingia nilijaza kwamba nimekuja kwa biashara.

Mwezi wa Oktoba maafisa walikuja kukagua shule kwa mara ya kwanza. Msaidizi aliingia darasani mbio, akanishika mkono, akanipitisha jikoni hadi ghala la chakula, akafunga mlango kwa nje. Nilikaa juu ya gunia la mchele kwa muda wa karibu saa mbili, nikiwa bado nimeshika kadi za picha mkononi, ya juu ikiwa na mchoro wa bata. Kupitia ukutani niliwasikia watoto wangu wakiimba wimbo niliowafundisha asubuhi ile, na mwalimu Mchina akiwaongoza kwa matamshi yasiyo sawa. Mdogo wangu, mimi nilikuwa mwalimu aliyesajiliwa. Sijawahi kumweleza mtu yeyote habari ya ghala lile hadi leo.

Ningeondoka siku hiyo, lakini deni la nauli lilikuwa halijaisha. Mwezi wa Machi walirudi bila taarifa, na mara hii hapakuwa na muda wa kupita jikoni. Afisa aliomba pasipoti, akafungua ukurasa wa viza, akaweka kidole kwenye ile M. Hakupaza sauti. Nilipelekwa kituoni, nikahojiwa kwa muda mrefu kupitia mkalimani, na mwanamke mmoja askari akaniletea maji ya moto katika kikombe cha karatasi. Siwezi kusema kwamba nilidhulumiwa pale, kwa sababu sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, iko wazi: anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na hali ikiwa nzito huwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Mimi nilipewa kiwango cha chini na siku chache za kufungasha. Hata hapa kwetu mgeni hawezi kufundisha bila kibali, na wewe mwenyewe kisheria huruhusiwi kusimama darasani bila usajili wa TSC.

Dhuluma niliipata kwa mwenye shule. Sheria ile ile humtoza mwajiri yuan 10,000 kwa kila mtu aliyemwajiri kinyume cha utaratibu, kwa hiyo alichowaambia maafisa ni kwamba mimi nilikuwa mgeni wa kujitolea tu, rafiki wa shule, na kwamba hakuwahi kunilipa. Alikuwa bado hajanilipa Februari na Machi. Nilipomwandikia kwenye WeChat kuomba yuan 16,000 zangu, alijibu mara moja kwamba hakuna mwalimu wa jina langu aliyewahi kufanya kazi kwake, kisha akanifungia. Nilikuwa na mkataba, nikautoa mkobani na kuusoma tena. Nakala ya Kiingereza ilikuwa na sahihi bila muhuri. Ya Kichina, niliyokuja kusomewa na Mkenya mmoja aliyekuwa mwanafunzi huko, haikutaja ualimu popote. Na hata kama ingetaja, aliniambia, mgeni asiye na kibali cha kazi hahesabiwi kuwa mwajiriwa mbele ya sheria zao za kazi. Deni lilikuwa langu, lakini sikuwa na mlango wa kwenda kulidai.

Wakala, yeye, nilimpigia nikiwa bado kituo cha treni. Aliniambia nimwombe Mungu, na kwamba ana nafasi nyingine nchi jirani ikiwa ningeweza kumtumia kitu kidogo kwa M-Pesa.

Nilipotua sikuja nyumbani. Nilikaa wiki tatu Manyatta, mtaa wa hapa Kisumu, kwa rafiki tuliyesoma naye, nikiwatumia ujumbe kana kwamba niko Uchina bado, nikihesabu tofauti ya saa tano ili nisikosee salamu za asubuhi na za jioni. Mama alikuwa akiniuliza kama nimekula. Nilikuwa umbali wa safari moja ya matatu kutoka kwake.

Sasa kuhusu wewe. Sikuambii usiende. Nakuomba usitoe hata shilingi moja kabla ya kuona kwa macho yako ile hati ya kukubaliwa kwa kibali cha kazi, ikiwa na jina lako kama lilivyo katika pasipoti na jina la shule utakayofundisha, siyo la kampuni ya vigae wala ya kitu kingine. Mwulize wakala kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha usitegemee jibu lake. Kahakikishe kwa mamlaka yenyewe. Mwulize pia kazi hiyo imeombewa kibali kama kazi gani, kwa sababu wewe umesomea Hisabati na Fizikia, na sielewi kwa nini akutafutie nafasi ya Kiingereza wakati somo lako mwenyewe huenda likakupa njia safi zaidi. Akikasirika kwa maswali hayo, au akikuambia nafasi itachukuliwa na mwingine kesho, mwache huyo mwingine aichukue.

Nimesikia kwamba mama mdogo ameshampata mnunuzi wa ng'ombe, yule mweusi mwenye ndama. Tafadhali mwombe mnunuzi asubiri. Jumamosi nitapanda matatu ya asubuhi, nifike Khayega kabla ya saa nne, nami nitakuja na pasipoti yangu ya zamani ambayo nimeificha chini ya nguo kwa miaka hii yote. Nitakuonyesha ile M, na muhuri wa kutokea nchini, na karatasi ya faini. Kisha nitakwenda mwenyewe jikoni kwa mama mdogo nimweleze, maana mchango wa nauli yangu ya mwaka 2018 alitoa kwa kuuza ng'ombe mama wa huyo huyo.

Ni mimi,
dada yako, Kisumu